Habari za Hatia na Aibu: Maneno kwa Walimu na Wakristo katika Siku za Jubili



Nalipoambiwa ya kuwa sharti ninene mbele yenu katika siku hizi za Jubili, nalidhani nitapewa habari za zamani: nani alijenga, nani alibatiza, shule zilikuwa ngapi. Habari hizo ni njema, na wengine wamekwisha kuzinena vizuri kuliko niwezavyo mimi. Lakini padre aliyeniagiza alisema, "Wewe nena juu ya mzigo." Nikamwuliza, "Mzigo gani, padre?" Akasema, "Unaujua." Ni kweli naujua, na ndiyo sababu nimesimama hapa na miguu yangu haina nguvu sana.

Kwanza tulitazame neno lenyewe, Jubili. Katika kitabu cha Walawi imeandikwa habari ya mwaka wa 50, ambao ndani yake mtumwa aliachwa huru, na mtu aliyeuza shamba lake kwa umaskini alirudishiwa. Hayo twayajua, na watoto wa shule huyasema kwa moyo. Walakini liko jambo moja ambalo nalilisoma mara nyingi bila kuliona. Baragumu la mwaka ule halikupigwa siku ya kwanza ya mwaka. Lilipigwa siku ya kumi ya mwezi wa saba, na siku ile ndiyo Siku ya Upatanisho, watu wote walipofunga na kujinyenyekeza, na kuhani mkuu akaingia mahali patakatifu kwa ajili ya dhambi zao. Sauti ya uhuru na maungamo ya dhambi, Mungu aliviweka katika siku moja. Nasi tukifanya Jubili kwa ngoma na karamu na nguo mpya tu, tumepiga baragumu siku isiyo yake.

Tena siku ile waliletwa mbuzi wawili. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikaingizwa patakatifu. Wa pili hakuchinjwa. Kuhani aliweka mikono yake miwili juu ya kichwa chake, akaungama makosa yote ya watu, kisha mtu mmoja akamwongoza mbuzi yule mpaka jangwani, mahali pasipokaa watu, akamwacha huko. Nimefikiri sana kwa nini mbuzi wawili, maana damu ya yule wa kwanza haikuwa na upungufu. Wenye elimu wana maneno yao. Mimi nanena kama nilivyoona katika maisha yangu. Damu ililetwa mbele za Mungu, na watu hawakuingia ndani kuiona. Lakini mbuzi wa pili alipita katikati yao. Mzee alimwona, mtoto alimwona, mjane aliyesimama mbali alimwona, wakamtazama mpaka amekuwa mdogo kule mbali, kisha haonekani. Mtu ana haja ya kusamehewa, na tena ana haja ya kuona ya kuwa kitu kile kimekwenda zake.

Sasa nataka tupambanue maneno mawili tunayoyachanganya. Hatia ni jambo lililo kati ya mtu na Mungu, na kati ya mtu na yule aliyemkosea. Aibu ni jambo lililo machoni pa watu. Hatia husema, Umetenda ubaya. Aibu husema, Wewe ni mbaya, ujifiche. (Sineni juu ya haya, ambayo ni tunu. Mtu asiye na haya ni kama nyumba isiyo na mlango. Kuku na mbuzi na mwivi wote huingia.) Hatia na aibu hufuatana kama watu wawili safarini, lakini si mtu mmoja. Wako wenye hatia wasio na aibu, nao hutembea kifua mbele. Wako wenye aibu wasio na hatia, nao huinama bure. Na wengine huanguka katika hatia kwa kuikimbia aibu. Mimi nalikuwa mmoja wa hao, na sina budi kuwaeleza.

Mwaka 2009 nalikuwa mwalimu katika kituo kimoja cha vijijini, huku kwetu kusini. Jina la kituo si kitu. Wakristo wa pale walikuwa wakichanga fedha za mabati, kwa kuwa paa la nyasi lilikuwa limeoza, na mvua ilipokuja tulisali tumesimama upande mmoja kama kuku. Fedha ziliwekwa katika kisanduku cha mti, ndani ya chumba cha mavazi. Ufunguo wa chumba ulikuwa kwangu, na wa pili ulikuwa kwa mzee mpiga kengele.

Mimi nalikuwa na deni dukani. Laiti ningeweza kuwaambia ya kuwa ni deni la njaa au la dawa! Nalikopa nguo na mchele kwa arusi ya mdogo wangu, maana nalitaka watu waseme, Kweli huyu ni ndugu wa mwalimu. Mwenye duka akangoja mwezi mmoja, miwili, mitatu. Kisha akaniambia, "Mwalimu, usiponilipa, Jumapili nitakuja kukudai mlangoni pa kanisa, watu wakitoka." Usiku ule sikulala. Nalijiona nimesimama na kanzu yangu nyeupe, na watu wote wakinitazama. Hata kulipopambazuka nalikwenda nikafungua chumba, nikatwaa shilingi 85,000. Nikasema moyoni, Nazikopa tu. Msimu wa korosho nitazirudisha. Kila mwivi wa kanisani husema hivyo, nadhani. Msimu ulikuja ukapita.

Wazee walipokuja kuhesabu, hesabu haikutimia. Hapana aliyeshitakiwa kwa maneno. Waliulizana, wakanyamaza, wakatazama chini. Kisha wakamwambia mzee mpiga kengele ya kuwa sasa amezeeka, apumzike, na ufunguo wake ukatwaliwa. Na ufunguo ule, ndugu zangu, wakanipa mimi. Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema asante.

Yule mzee aliendelea kuja kanisani Jumapili chache, kisha akaacha. Kengele ikawa ya kupigwa na watoto, mara mapema, mara imechelewa. Jambo hili likadumu miezi kumi na sita. Mtaniuliza, Je, katika miezi ile uliweza kufundisha? Nalifundisha. Nalihubiri, na watu walisifu mahubiri yangu. Lakini palikuwa na masomo ambayo nalitafuta njia ya kuyapita. Nalipokea Sakramenti kwa hofu, kama mtu anywaye dawa asiyoijua. Tena nalikuwa mkali. Mtoto mmoja aliiba kalamu ya mwenzake, nikamwadhibu kana kwamba ameiba ng'ombe. Mke wangu alinitazama siku ile asiseme neno. Angalieni jambo hili, ninyi walimu: mtu akiwa mkali mno juu ya kosa moja, mara nyingine huwa anagombana na nafsi yake.

Wahenga walisema, Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sikufichuliwa na kilio, nalichoka tu. Padre alipokuja kuwasikiliza watu kabla ya Pasaka, nalipiga magoti nikayasema yote. Nalitazamia atanikaripia, lakini hakunikaripia. Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Na yule mzee?" Nikasema, "Padre, nitazirudisha fedha." Akaniambia, "Fedha utazirudisha, na sehemu ya tano juu yake, kama sheria ya Musa ilivyoamuru. Lakini ulitwaa vitu viwili. Na jina lake je?" Nikamwomba anipe namna ya kulirudisha jina lake kwa siri. Akasema hakuna namna hiyo, kwa sababu jina la mtu halikuibiwa kwa siri. Kisha akaniambia ya kuwa Mungu hanisamehi kwa sababu nitakwenda kwa mzee. Nitaweza kwenda kwa sababu Mungu amenisamehe. Akanifungua kwa jina la Bwana. Maneno yale nayashika mpaka leo. Kama angeniambia, Nenda kwanza, kisha uje usamehewe, nisingalikwenda kamwe.

Nalimkuta nyumbani kwake akisokota kamba. Nikapiga hodi.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Kaa."

"Babu, sikai. Nimekuja kukuambia neno. Zile fedha za mabati nalizitwaa mimi."

Hakuacha kusokota. Akasema, "Najua."

"Unajua? Tangu lini, babu?"

"Tangu siku ile ya ufunguo. Wenye funguo tulikuwa wawili. Mimi nalijua sikuzitwaa. Hesabu hiyo ni ngumu?"

"Mbona basi hukunena?"

"Nani angemsadiki mpiga kengele juu ya mwalimu?"

Nikapiga magoti palepale mavumbini, nikamwomba radhi. Ndugu zangu, mimi nalikuwa nimesoma shule ya misheni, nikidhani najua jinsi hadithi kama hizi zinavyokwisha: mzee atalia, ataniinua, atanikumbatia. Hakufanya hivyo. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuaibishwa hapa uani kwangu. Nenda ukawaambie wale waliosikia. Kisha uje." Nami nikaondoka na magoti yangu yenye vumbi.

Jumapili iliyofuata nalisimama nikawaambia watu wote, nikaweka mezani shilingi 102,000. Kuzipata nalikuwa nimeuza baiskeli. Mama mmoja alifyonza, nalimsikia. Mke wangu alijifunika uso kwa khanga, na hilo liliniuma kuliko kufyonzwa. Wazee wakaamua nisifundishe wala nisisome mbele ya watu kwa muda wa mwaka mmoja, nami nikae benchi la nyuma karibu na mlango. Sikuwalaumu, walifanya haki. Ufunguo akarudishiwa mwenyewe.

Sasa nitanena jambo ambalo nalikuwa silijui. Nalikuwa nimesamehewa, na moyoni nalijua hakika. Usiku nalilala. Lakini kila nilipoingia kanisani na kuketi pale nyuma, aibu ilikaa pamoja nami, ikanifunika kama blanketi lenye maji. Watu hawakuwa wabaya. Walinisalimu vema njiani, lakini hapana aliyekaa benchi lile. Jumapili ya kwanza nalikaa peke yangu, na ya pili, na ya tatu. Ya nne mzee alipiga kengele, akafunga kamba yake, akaingia. Mahali pake palikuwa mbele, karibu na nguzo, lakini hakwenda. Akaketi kando yangu. Akafungua kitabu cha nyimbo, naye hakujua kusoma hata herufi moja, na kitabu alikishika kichwa chini miguu juu. Akaninong'oneza, "Mwalimu, macho yangu hayaoni sawasawa siku hizi. Niimbie polepole, nikufuate." Nikakigeuza kitabu, tukaimba.

Basi mimi nasema ya kuwa siku ile nalimwona mbuzi wa pili akienda zake jangwani.

Wako wanaouliza, Je, tofauti kati ya Petro na Yuda ni nini? Swali hili walimu hulipata kwa wakatekumeni kila mwaka, na majibu yetu huwa mepesi. Tunasema Yuda hakutubu. Lakini someni vizuri Injili ya Mathayo. Yuda alijuta. Aliungama kwa kinywa chake ya kuwa amekosa. Hata fedha alizirudisha, vipande 30 vyote, wala hakubakiza hata kimoja. Petro hakurudisha kitu. Tena Yuda aliungama kwa nani? Kwa makuhani wale walionunua kosa lake, nao wakamjibu ya kuwa jambo hilo haliwahusu, aliangalie mwenyewe. Ole wake mtu apelekaye aibu yake kwa watu kama hao! Akatoka peke yake. Petro naye alitoka peke yake, akalia kwa uchungu. Lakini asubuhi ile ya tatu, wanawake walipoleta habari, walimkuta wapi? Pamoja na wenzake. Sijui jinsi alivyorudi kwao, maana Injili haisemi. Lazima siku ile alipitia mlangoni mbele ya macho ya watu waliojua. Nao walimwacha aingie.

Kisha tazameni jinsi Bwana alivyomponya. Yohana anatuambia ya kuwa Petro alipomkana Bwana alikuwa akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu. Neno lile la moto wa makaa, katika Agano Jipya lote la Kiyunani, lapatikana mara mbili tu. Mara ya pili ni kule pwani ya ziwa, baada ya ufufuo, mitume waliposhuka chomboni na samaki wao 153, wakakuta Bwana amekwisha kuwasha moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Mwadhani Petro alipousikia moshi ule hakukumbuka? Bwana hakumpeleka mbali na mahali pa aibu yake. Alimrudisha kwenye moto ule ule, akampa chakula kwanza, halafu akamwuliza mara tatu, kama alivyokana mara tatu. Kila alipojibu alipewa kazi ya kondoo. Hakuambiwa asahau, wala hakuambiwa ya kuwa halikuwa neno. Petro alihuzunika alipoulizwa mara ya tatu, na Bwana alimwacha ahuzunike.

Wahenga wetu wana neno jingine: Aibu ya maiti, aijuaye mwosha. Neno hili limenisaidia kuliko vitabu vingi. Mwosha huona kidonda, kovu, na kila kitu ambacho marehemu alikificha maisha yake yote, naye akitoka nje hasimulii. Huosha, hufunika, hunyamaza. Petro alikataa kuoshwa miguu usiku ule, nasi twajua kwa nini: hakutaka Bwana aione miguu yake. Tena Bwana aliyajua hata yale yatakayotendeka kabla jogoo hajawika, naye aliinama juu ya miguu ile akaiosha. Bwana wetu hataki tufe kwanza ndipo atuoshe.

Nimenena juu ya wenye hatia. Lakini sitawatendea haki nikinyamaza juu ya wale wenye aibu bila hatia, maana Jubili hii yetu ni yao kwanza. Tusisahau waliotutangulia walikuwa nani. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, Sultani Barghash alipofanya mapatano na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa kuu likawekwa mahali pale pale. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaongoza watu waliokombolewa kutoka Unguja mpaka Masasi, wakafanya mji. Hao ni katika wazee wetu wa imani. Wala hawakuwa na hatia. Walioibwa ni wao. Lakini aibu ilibandikwa juu yao, hata wajukuu wengine walificha asili yao, na mpaka leo ukitaka kumtusi mtu pwani, neno "mtumwa" liko tayari kinywani mwa mpumbavu. Mtu kama huyo usimwambie aungame. Aungame nini? Mtu wa namna hii huinuliwa. Yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili alitaka kuponywa kwa siri na kwenda zake. Bwana hakumwacha. Alisimama, akauliza mbele ya mkutano wote ni nani aliyemgusa, mpaka akajitokeza akitetemeka. Kwa nini alimfanyia hivyo? Kwa sababu ugonjwa wake watu wote waliujua, na kupona kwake ilipasa wakujue vilevile. Naye akamwita binti, watu wakisikia. Aibu iliyotiwa hadharani, huondolewa hadharani.

Na yule mwenye hatia asiyeona aibu, yeye je? Nitatoa mfano mmoja ambao kwetu sisi, watoto wa waliokombolewa, ni mgumu. Mwingereza John Newton, aliyezaliwa mwaka 1725, alikuwa baharia katika biashara ya watumwa upande wa Afrika ya magharibi. Mwaka 1748 chombo chao kilipatwa na tufani kubwa baharini, akamlilia Mungu, na tangu hapo alihesabu maisha yake mapya. Lakini sikieni: baada ya tufani ile alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa, akafanya safari tatu, mpaka alipoacha bahari mwaka 1754 kwa ugonjwa. Alisali juu, na watu walikuwa katika minyororo chini. Akawa padre mwaka 1764, na wimbo wake juu ya neema, alioutunga kwa ajili ya mwaka mpya wa 1773, sasa huimbwa duniani kote, hata na sisi. Ila ni mwaka 1788 ndipo alipotoa kitabu chake kidogo juu ya biashara ile, akakiri mbele ya taifa lake mambo aliyoyaona na kuyatenda. Tangu kuacha bahari ilikuwa miaka 34. Mwaka 1807 Uingereza ikaikataza biashara ile, naye akafa mwaka huo huo, katika Desemba.

Zamani mfano huu ulinikasirisha. Nalisema, Miaka 34! Na wale waliokuwa chini ya sakafu je? Sasa hasira imepungua, haikwisha. Nadhani neema ilimfikia kweli mwaka ule wa tufani, lakini haikummaliza siku moja; ilimfundisha aibu polepole, kama mwalimu afundishaye mtoto mgumu. Mtu husamehewa, kisha ndipo macho yake hufunguka kuona ni kitu gani alichosamehewa. Wala kukiri kwake hakukuwa kulipa. Angelipa kwa nini? Ila aliona ya kuwa mtu aliyesamehewa hana ruhusa ya kunyamaza wakati wengine wangali wamefungwa kwa kosa lile lile. Nami sisemi zaidi, kwa kuwa mimi pia nalikaa miezi kumi na sita na ufunguo wa mtu mwingine mfukoni.

Walimu wenzangu, nina maneno machache kwenu. Kuna Mkristo ajaye kila mara na dhambi ile ile ya zamani iliyokwisha kuondolewa, kama mtu afukuaye kaburi kuona kama maiti yungali mle. Msimkaripie. Mpelekeni kwa padre mara moja, halafu mpeni kazi: afagie kanisa, atembelee wagonjwa. Petro alipewa kondoo. Tena msiwalazimishe watu kusimulia mbele ya wote mambo yasiyojulikana na wote, hasa mambo ya unyumba. Mimi nalinena mbele ya kanisa kwa sababu mzee yule aliaibishwa mbele ya kanisa. Dhambi iliyo kati ya watu wawili, imalizwe kati ya hao wawili. Nimeona mtu akiungama hadharani kwa furaha kubwa, akarudi nyumbani mwepesi kama unyoya, na mzigo wake wote ameuacha kichwani mwa mkewe.

Na yule binti aliyefukuzwa shule kwa sababu ya mimba, na sasa anakuja kanisani na mtoto mgongoni, akisimama chini ya mwembe hata sala iishe: nani amekwenda kusimama naye? Kijana aliyempa mimba twamwona wapi? Yuko ndani, anaimba. Hapo mmeona hatia isiyo na aibu, na aibu iliyobebeshwa mtu mmoja kwa niaba ya wawili. Kutengwa kuna mahali pake katika Kanisa, nami nalitengwa kwa haki, kukanifaa. Lakini mtu akitengwa lazima awepo mwingine wa kwenda kukaa naye, kama sivyo tumemwongoza mtu jangwani badala ya mbuzi.

Mzee mpiga kengele amekwisha kufariki. Nalikuwa miongoni mwa watu waliomwosha. Sitasimulia.

Kesho ni siku kuu yenyewe. Padre amenituma niwaambie ya kuwa leo tangu saa kumi atakuwa kanisani, upande wa kisima cha ubatizo, naye atakaa hata usiku ikiwa watu wapo. Taa itawashwa. Wale wasiopenda kuonekana wakiingia, mlango mdogo wa mashariki utakuwa wazi. Mimi nitakuwa benchi la nyuma, karibu na mlango mkubwa, na mtu ye yote atakaye kungoja zamu yake pamoja na mwingine, nafasi ipo.